Mstari wa Tatu Ulipolala: Uchambuzi wa Kisa cha Omikroni, Novemba 2021

Mashine ya PCR haiandiki "korona ipo". Inachora mistari. Katika kipimo kilichotumika sana Afrika Kusini mwaka 2021, mistari ilikuwa mitatu, kila mmoja ukifuatilia kipande chake cha vinasaba vya kirusi: ORF1ab, N na S. Hicho cha S ndicho chenye maelekezo ya kutengeneza mwiba, ile protini ambayo kirusi hujishikiza nayo kwenye seli za mtu. Ikiwa mgonjwa ana kirusi cha kutosha puani, mistari yote mitatu hupanda. Mwanzoni mwa Novemba, wataalamu wa Lancet, kampuni binafsi ya maabara, mjini Pretoria wakaanza kuona sampuli ambazo mistari miwili inapanda sawasawa, na wa tatu, ule wa S, umelala chini kana kwamba mgonjwa hana kitu.

Kabla mwezi haujaisha, mstari huo uliolala ulikuwa umekata safari za ndege, umeshusha bei za hisa na kuwanyima watu usingizi duniani kote. Tunakichambua kisa hiki kwa undani kwa sababu makosa yake hurudi kila tangazo la kirusi kipya linapotoka. Watu huuliza maswali matatu kwa pumzi moja, kumbe kila swali lina saa yake ya kujibiwa.

Kwa nini mstari ulilala

Kipimo cha PCR hutafuta kipande cha vinasaba kwa kutumia vipande vidogo vilivyotengenezwa kiwandani ili vinase pale tu herufi zinapolingana. Herufi za pale zikibadilika au zikikatika, hakuna cha kunasa, na mstari haupandi. Katika sampuli zile za Pretoria, herufi sita zilikuwa zimetoweka kwenye sehemu ya S, jambo linaloondoa viungo viwili vya protini ya mwiba, namba 69 na 70. Ugonjwa upo, majibu ni chanya, ila jicho moja kati ya matatu ya kipimo limepofuka.

Pengo hilo halikuwa geni. Kirusi cha Alfa kilichoanzia Uingereza mwishoni mwa 2020 kilikuwa nalo pia. Delta, ambacho kilikuwa kimetawala Afrika Kusini tangu katikati ya 2021, hakikuwa nalo. Ndiyo maana mstari uliolala ulishtua: ama Alfa kimefufuka baada ya kutoweka kabisa, ama kuna kitu kingine.

Hapa pana mtego ambao maabara yoyote inaweza kuuingia. Mstari wa S unaweza kulala kwa sababu tu kirusi ni kidogo kwenye sampuli. Mgonjwa aliyechukuliwa kipimo siku ya kumi, au aliyeguswa puani juu juu tu, hutoa sampuli hafifu, na kipande kimoja kinaweza kukosa kuonekana bila pengo lolote. Kinga ya kosa hili ni kuangalia mistari miwili mingine imepanda kwenye mzunguko wa ngapi. Kila mzunguko wa mashine huongeza vinasaba takribani maradufu, kwa hiyo sampuli iliyoonekana kwenye mzunguko wa 20 ina kirusi kama mara elfu moja kuliko iliyoonekana kwenye wa 30. Kama mistari ya N na ORF1ab imepanda kabla ya mzunguko wa 30 na S haupo, hapo una sababu ya kushuku. Ikiwa imepanda kwenye wa 35, usiamshe mtu.

Kutoka mstari hadi jina

Mstari uliolala ni dalili tu. Uthibitisho ni kusoma vinasaba vyote, herufi karibu 30,000. Kazi yenyewe huenda hivi: unatoa vinasaba kwenye sampuli, unavigeuza kutoka RNA kuwa DNA, unavizalisha kwa vipande vinavyopandana kidogo kidogo kama vigae vya paa, unakitia kila kipande alama ya mgonjwa wake, unapakia mashine, kisha programu inaunganisha vipande na kuvilinganisha na kirusi cha mwanzo cha Wuhan. Maabara yenye vifaa na watu wa kutosha humaliza kwa siku chache. Ambayo haina husubiri sampuli zijae sahani ya mashine, au huzisafirisha nchi nyingine, na siku zinageuka wiki.

Novemba 19, Raquel Viana, mkuu wa sayansi wa Lancet, alisoma vinasaba vya sampuli nane na kukuta mabadiliko mengi kiasi cha kushuku kwamba kuna kosa la kazi. Kushuku huko kulikuwa kwa busara. Sampuli mbili zikichanganyika, au vipande vya uzalishaji visiponasa pale penye mabadiliko, matokeo hutoka ya ajabu na kuonyesha matundu. Sampuli zikarudiwa, na Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, NICD, ikaarifiwa. Wakati huohuo Gaborone, Sikhulile Moyo na wenzake wa maabara ya Botswana Harvard walikuwa wamekuta mabadiliko hayohayo kwenye sampuli nne zilizochukuliwa Novemba 11 kutoka kwa wageni walioingia nchini siku nne kabla.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mtandao wa ufuatiliaji wa vinasaba wa Afrika Kusini, ambao Tulio de Oliveira ni miongoni mwa viongozi wake, ulizisaka sampuli za maabara mbalimbali za Gauteng, mkoa wenye Pretoria na Johannesburg, ili kujua kama ni kundi moja la watu walioambukizana sherehe moja au ni mkoa mzima. Ulikuwa mkoa mzima. Novemba 24 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliarifiwa. Novemba 25 Waziri wa Afya Joe Phaahla na wanasayansi walisimama mbele ya waandishi wa habari. Siku hiyo visa vilivyothibitishwa kwa kusoma vinasaba vilikuwa 77 Gauteng, vinne Botswana na kimoja Hong Kong. Novemba 26 kirusi kikapewa jina la Omikroni na kuwekwa kwenye daraja la juu la tahadhari.

Tangu sampuli nane za Viana hadi jina la WHO ni siku saba. Kwa viwango vya kazi hii, ni kasi ya kupigiwa mfano.

Kilichojulikana Novemba 26

Maswali ya kirusi kipya ni haya. Kinaenea kwa kasi gani? Kinakwepa kinga ya chanjo na ya maambukizi ya zamani kwa kiasi gani? Kinaua kiasi gani?

La kwanza lilikuwa na jibu la awali. Afrika Kusini ilikuwa na visa vipya 273 Novemba 16. Siku tisa baadaye vilizidi 1,200 kwa siku, vingi vikitoka Gauteng, na mstari wa S uliolala ulikuwa ukiongezeka karibu katika mikoa yote. Mtu hahitaji kusoma vinasaba vya kila mgonjwa kuona hilo, anahesabu mistari.

La pili lilikuwa na dalili za karatasini. Mwiba ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 30, na takribani 15 kati yake yako pale pale mwiba unapogusana na seli, ambapo kingamwili nyingi, yaani protini za mwili za kupambana na kirusi, hujishikiza. Lakini karatasi si mwili. Ili kujua kweli, unakuza kirusi hai maabara, unachukua damu ya waliochanjwa, unaipunguza nguvu hatua kwa hatua, na unaangalia inashindwa kuzuia maambukizi kwenye kiwango gani. Kukuza kirusi tu huchukua wiki moja au mbili.

La tatu halikuwa na jibu lolote, wala halingeweza kuwa nalo. Mtu huugua siku kama tatu baada ya kuambukizwa, akizidiwa hulazwa baada ya wiki hivi, na akifa, mara nyingi ni wiki mbili, tatu au zaidi tangu dalili zianze. Wodi za Novemba 26 zilikuwa zikionyesha maambukizi ya katikati ya mwezi, wakati visa vilikuwa vichache. Zaidi ya hayo, walioambukizwa mwanzoni Gauteng walikuwa vijana wengi, na kijana hupona kirusi ambacho babu yake hakimwachi. Aliyesema siku hiyo "kinaua zaidi" na aliyesema "ni mafua tu" wote walikuwa wakibahatisha.

Watu walijibanza kwenye swali la tatu kwa sababu ndilo linalotisha. Sisi tunashikilia kwamba la kwanza lilistahili hofu zaidi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua mfano wa kubuni: kirusi cha zamani kinalaza wagonjwa 2 kati ya 100, na visa huongezeka maradufu kila siku 10. Kipya kinalaza 1 tu kati ya 100, lakini visa huongezeka maradufu kila siku 3. Vyote vikianza na visa 1,000, baada ya siku 15 cha zamani kina visa karibu 2,800 na wagonjwa 57 wa kulazwa kati yao. Kipya kina visa 32,000 na wagonjwa 320. Nafuu yote ya ukali kupungua nusu imeliwa na siku tano za kwanza. Kati ya hao 320 ndimo alimo mgonjwa anayekosa kitanda, na naye haumwi kirusi "kikali".

Mipaka

Usiku wa Novemba 25 Uingereza iliweka nchi sita za kusini mwa Afrika kwenye orodha nyekundu, ile ya nchi ambazo wasafiri wake huzuiwa au kuwekwa karantini. Marekani ikazuia wasafiri wasio raia kutoka nchi nane kuanzia Novemba 29, zikiwemo Malawi na Msumbiji. Rwanda ilisitisha ndege za moja kwa moja na kusini mwa Afrika. Israel na Japani zilifungia wageni wote.

Angalia kilichotokea uwanja wa Schiphol, Amsterdam, Novemba 26. Ndege mbili kutoka Johannesburg zilitua na abiria 624. Walipopimwa, 61 walikutwa na korona, na 14 kati yao Omikroni. Picha hiyo ilizunguka dunia kama ushahidi kwamba kirusi kinatoka Afrika kwa ndege. Siku chache baadaye taasisi ya afya ya Uholanzi, RIVM, ilirudia sampuli zake za zamani na kukuta Omikroni kwenye mbili zilizochukuliwa Novemba 19 na 23, kabla ndege hizo hazijatua. Mlango ulifungwa mgeni akiwa tayari sebuleni.

Hong Kong ilikuwa na jibu jingine hata kabla ya hapo. Msafiri kutoka Afrika Kusini aliwekwa karantini hotelini, akakutwa na kirusi Novemba 13. Siku tano baadaye akakutwa nacho mgeni wa chumba cha ng'ambo ya korido. Kamera zilionyesha hakuna aliyetoka chumbani. Walifungua milango kuchukua chakula tu. Wote wawili walikuwa wamechanjwa. Kisa hicho kimoja kilieleza zaidi kuhusu hewa ya ndani na kukwepa kinga kuliko wiki nzima ya mijadala ya mipaka.

Kuzuia safari kunaweza kununua siku kadhaa, iwapo siku hizo zinatumika kuchanja wazee na kuandaa oksijeni, na iwapo kunawagusa wote wanaotoka penye kirusi. Hapa kuliwagusa waliotangaza. Madhara yalifika mpaka maabara: vitendanishi vya kusomea vinasaba husafirishwa kwa ndege, na ndege zilipokatwa, de Oliveira alionya hadharani kwamba akiba inaelekea kuisha. Nchi iliyokuwa ikiipa dunia taarifa ilinyimwa kemikali za kuendelea kutoa taarifa. Tunasema bila kupepesa kwamba ilikuwa dhuluma, na pia ni hatari kwa kila mtu, kwa kuwa waziri wa nchi nyingine aliyeiona adhabu ile atafikiri mara mbili kabla ya kuitisha waandishi wa habari. Uingereza iliondoa nchi zote kwenye orodha Desemba 15, na Marekani ikafuata Desemba 31. Kufikia hapo Omikroni ilikuwa ikitawala London yenyewe.

Majibu yalivyoanza kuingia

Jibu la kinga lilikuja kwanza. Mapema Desemba, maabara ya Alex Sigal mjini Durban ilionyesha kwamba kingamwili za waliochanjwa dozi mbili za Pfizer zilipungua nguvu mara 41 dhidi ya Omikroni. Takwimu hiyo ilisambaa kana kwamba chanjo imekufa. Waliosoma zaidi waliona kwamba watu waliokuwa wamechanjwa na pia kuugua awali walibaki na kinga ya maana. Baada ya kupima damu nyingi zaidi, kiwango chenyewe kilirekebishwa hadi takribani mara 22. Desemba 14, kampuni ya bima ya afya ya Discovery Health ilitoa takwimu za wateja wake: dozi mbili zilizuia maambukizi kwa asilimia 33, kutoka 80 za wakati wa Delta, lakini zilizuia kulazwa kwa asilimia 70, kutoka 93. Tofauti hiyo ndiyo kiini. Kingamwili za damuni hulinda pua. Kinga ya seli, ambayo hutambua hata sehemu za mwiba ambazo hazikubadilika, hulinda uhai.

Ukali ulisomwa wodini. Katika hospitali za Steve Biko na Tshwane District mjini Pretoria, Desemba 2, wodi za korona zilikuwa na wagonjwa 42, na 29 kati yao walikuwa wakipumua hewa ya kawaida bila oksijeni. Wengi walikuwa wameingia kwa sababu nyingine, kujifungua, upasuaji, ajali, wakapimwa mlangoni na kukutwa na kirusi. Katika mawimbi ya nyuma, wodi ya namna hiyo ilikuwa imejaa mitungi ya oksijeni. Hapo ndipo neno "hafifu" lilipopata mguu.

Neno hilo lilitumika vibaya kuliko takwimu yoyote ya kisa hiki. Uchunguzi wa damu Gauteng, uliofanywa kati ya Oktoba 22 na Desemba 9, ulionyesha asilimia 73 ya watu tayari walikuwa na kingamwili, wengi wao kwa kuugua, maana waliochanjwa walikuwa wachache. Omikroni kwa asili yake kilikuwa na ukali mdogo kidogo kuliko Delta, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya "uhafifu" wa Gauteng ilikuwa kinga iliyolipiwa kwa maiti za mawimbi matatu yaliyotangulia.

Ushahidi ulikuja Hong Kong mwanzoni mwa 2022. Mji ule ulikuwa umejilinda vizuri. Hadi mwisho wa 2021 watu 213 tu ndio waliokuwa wamekufa kwa korona. Wazee wake wengi waliona hakuna haja ya chanjo. Omikroni ilipopenya, zaidi ya 9,000 walikufa ndani ya miezi michache, wengi wakiwa wazee ambao hawakuchanjwa. Kirusi ni kilekile kilichoitwa mafua.

Afrika Mashariki, na nyumbani kwako

Mapema Desemba Uganda ilitangaza wasafiri saba waliokutwa na Omikroni kupitia uwanja wa Entebbe. Katikati ya mwezi Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, alitangaza visa vya kwanza vya Kenya, navyo vya wasafiri. Hili lisomeke kwa makini: wasafiri ndio waliopimwa. Nchi inayopima uwanja wa ndege itakuta kirusi uwanja wa ndege. Tangazo la "visa vitatu" maana yake ni kwamba wamekamatwa watatu, na unapaswa kuishi kana kwamba kiko mtaani tayari.

Kwa mtu wa nyumbani, hatua hazibadiliki sana kwa jina la kirusi, na vipaumbele ni wazi. Anza na mzee, mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, mjamzito: chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini? Dozi ya nyongeza iliinua kinga dhidi ya Omikroni ndani ya wiki mbili hivi, hivyo kusubiri "tuone kwanza" kunazila wiki hizo. Kisha hewa. Kirusi kinachovuka korido ya hoteli hakizuiwi na ndoo ya maji mlangoni. Fungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite, hamishia msiba na shughuli barazani au chini ya turubai lisilozungushwa pazia. Barakoa ya kitambaa husaidia kidogo; ya N95 iliyobana pembeni husaidia kweli, na ikivuja shavuni imekuwa ya kitambaa.

Kipimo cha haraka hutafuta protini ya N, si mwiba, ndiyo maana kiliendelea kuiona Omikroni. Kinachokiharibu ni mambo mengine. Watu hupima siku ya kwanza koo linapowasha, wakati kirusi bado kidogo, wanapata hasi na kwenda harusini. Rudia baada ya saa 24 hadi 48. Soma majibu kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, kwa kawaida dakika 15. Mstari unaojitokeza baada ya saa nzima hauna maana. Vipimo vingi vimeandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30 za joto, na duka lenye paa la bati Dar es Salaam mwezi wa Januari linazidi hapo.

Mgonjwa akiwa nyumbani, kipimo cha oksijeni cha kidole kina thamani kuliko kipimajoto. Akae dakika tano, kidole kiwe na joto, rangi ya kucha ifutwe, kisha subiri namba itulie nusu dakika. Ikiwa chini ya 94, zungumza na mtoa huduma. Chini ya 90, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama anasema anajisikia vizuri. Vifaa hivi huelekea kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli kwa ngozi nyeusi, kwa hiyo 93 inayoshuka toka 97 ya jana usiipuuze.

Mstari uliponyanyuka tena

Desemba hiyohiyo maabara zilikuta tawi jingine la Omikroni, BA.2. Lilikuwa na mabadiliko mengi ya mwiba kama nduguye BA.1, lakini halikuwa na lile pengo la 69 na 70. Mstari wa S ukapanda tena, na maabara iliyokuwa ikihesabu mistari tu ingeandika "Delta imerudi". BA.2 ndiyo iliyoivamia Hong Kong, na kufikia Machi 2022 ilikuwa imetawala sehemu kubwa ya dunia. Waliojua ni wale walioendelea kuchukua sampuli chache kila wiki, zenye mstari na zisizo nao, wakazisoma herufi zote.